Kwa nini si busara kumwamsha popo aliyelala

JUA linapozama upande wa kisiwa cha Mageta na wavuvi wa omena wakianza kupakia taa mashuani katika ufuo wa Usenge, kaunti ya Siaya, kuna viumbe wengine ambao nao huwa wanajiandaa kwenda kazini. Kutoka kwenye nyufa za mapaa ya mabati, katika nyumba, madarasa na makanisa, popo huchomoka mmoja baada ya mwingine na kutokomea gizani kutafuta wadudu.

Kwa wakazi wengi wa mwambao wa Ziwa Victoria, popo ni kero. Kinyesi chake hunuka darini na kuchafua madawati, na kelele zake huwanyima watu usingizi. Wapo pia wanaomhusisha na uchawi. Tangu habari za ugonjwa wa Marburg zianze kusikika kutoka ng'ambo ya ziwa hili, kero hiyo imeanza kugeuka hofu, na hofu nayo huzaa wazo moja ambalo huonekana rahisi: wafukizwe moshi, wapigwe kwa fimbo, wamalizwe.

Hata hivyo, mambo ambayo wanasayansi wamegundua katika miaka ya karibuni kuhusu mwili wa mnyama huyu yanaonyesha kwamba wazo hilo ni la hatari. Kinga ya popo dhidi ya maradhi imefungamana na joto la mwili wake pamoja na akiba ya nguvu aliyo nayo. Anayemvuruga popo huvuruga mizani hiyo, na madhara yake huweza kumfikia popo mwenyewe na hata binadamu anayeishi karibu naye.

Ili kuelewa jinsi hali hiyo inavyotokea, ni muhimu kwanza kutazama tofauti iliyopo kati ya mwili wetu na wa popo.

Mwili usio na joto moja

Binadamu mwenye afya huwa na joto la takriban nyuzi 37 za sentigredi, awe Usenge kwenye jua la adhuhuri au Limuru kwenye baridi ya mwezi Julai. Joto hilo likipanda hadi nyuzi 39, twasema ana homa. Likishuka chini ya nyuzi 35, maisha yake huwa hatarini.

Popo hana mipaka finyu kama hiyo. Anaporuka, misuli ya mabawa yake hufanya kazi kubwa mno kiasi kwamba joto la mwili wake huweza kupanda hadi nyuzi 40 na kupita. Akitua na kupumzika, joto hilo hushuka. Na kwa aina zinazoishi katika nchi zenye majira ya baridi kali, kama vile Ujerumani, Marekani na Canada, joto huweza kushuka hadi chini ya nyuzi 10, likakaribia kuwa sawa na lile la pango alimojificha.

Hali hiyo ya mwisho ndiyo usingizi wa majira ya baridi. Wadudu hutoweka katika miezi hiyo, na popo asiye na chakula hana budi kubana matumizi. Moyo wake, ambao hupiga mamia ya mara kwa dakika akiwa macho, hupiga mara chache tu. Pumzi huwa za nadra. Mnyama huyo huishi kwa mafuta aliyojiwekea mwilini kabla ya baridi kuanza, mithili ya mkulima anayepimia familia yake mahindi ya ghalani hadi mavuno yajayo.

Swali ambalo limewashughulisha watafiti kwa muda mrefu ni hili: mwili unapozimwa kiasi hicho, walinzi wake hufanya nini?

Askari wanapoondoka barabarani

Damu ya mnyama hubeba chembechembe nyeupe ambazo kazi yake ni kupambana na viini vya maradhi. Baadhi yake hushambulia kiini chochote kigeni mara tu zinapokutana nacho. Nyingine, zinazojulikana kama limfosaiti, hukumbuka adui aliyewahi kuja na kutengeneza silaha za kumkabili. Chembechembe hizi huzunguka mwilini mfano wa askari wa doria.

Uchunguzi wa wanyama mbalimbali wanaolala wakati wa baridi umeonyesha kwamba wakiwa usingizini, idadi ya chembechembe nyeupe zinazozunguka katika damu hupungua sana, mara nyingine kwa takriban asilimia 90. Mnyama akiamka na kupata joto, idadi hiyo hurejea katika hali ya kawaida kwa muda wa saa chache tu.

Kasi hiyo ya kurejea ndiyo iliyofichua siri. Mwili hauwezi kutengeneza mamilioni ya chembechembe mpya kwa muda mfupi kiasi hicho. Maana yake ni kwamba hazikuwa zimekufa, bali zilikuwa zimejibanza ndani ya tezi, wengu na sehemu nyingine za mwili, zikingoja kuitwa.

Mnamo 2011, watafiti wa Chuo Kikuu cha Groningen nchini Uholanzi walieleza jinsi wito huo unavyofanya kazi. Walimchunguza hamsta, mnyama wa jamii ya panya ambaye pia hulala wakati wa baridi. Waligundua kwamba iko kemikali katika damu ambayo huzivuta limfosaiti kutoka kwenye tezi ili ziingie katika mzunguko wa damu. Kemikali hiyo hutolewa na chembechembe nyekundu, na joto la mwili likishuka, utoaji wake nao hupungua. Bila wito, limfosaiti hubaki kambini. Joto likirudi, wito husikika tena na askari hujitokeza.

Kwa maneno mengine, joto lenyewe ndilo linaloamuru. Hata hamsta ambaye mwili wake ulipozwa kwa njia nyingine bila ya kulala usingizi huo wa baridi, limfosaiti zake zilipungua katika damu.

Ushahidi mwingine ulikuwa umepatikana mwaka 2002 nchini Marekani. Watafiti waliwadunga kindi wa ardhini waliokuwa usingizini kemikali inayotokana na bakteria, ambayo kwa kawaida husababisha homa. Kindi hao hawakuonyesha dalili yoyote wakiwa wamelala. Homa ilijitokeza baadaye, walipoamka kwa zamu yao ya kawaida, na wakakaa macho kwa muda mrefu kuliko ilivyo desturi. Ilikuwa ni kana kwamba barua ya kutangaza uvamizi iliachwa mlangoni, ikasomwa siku mwenye nyumba alipofungua.

Ni muhimu kueleza hapa kwamba wanyama wanaolala wakati wa baridi hawalali mfululizo hadi mwisho wa msimu. Kila baada ya siku kadhaa au majuma kadhaa huamka, wakapasha mwili joto kwa muda mfupi, kisha wakalala tena. Kuamka huko humaliza sehemu kubwa ya mafuta waliyoweka. Baadhi ya wanasayansi wanaamini kwamba gharama hiyo hulipwa kwa sababu mojawapo ikiwa ni kuipa kinga nafasi ya kuukagua mwili.

Isitoshe, damu ya popo inaonekana kuwa imeumbwa kuhimili mabadiliko hayo. Utafiti ulioongozwa na Chuo Kikuu cha Greifswald, Ujerumani, na kuchapishwa mwaka 2024, ulilinganisha chembechembe nyekundu za damu za binadamu, za popo wa Ulaya anayelala wakati wa baridi, na za popo wa matunda wa Misri, ambaye halali hivyo. Damu ilipopozwa, chembechembe za popo wote wawili zilibadilika kwa namna ambayo za binadamu hazikuweza kufuata. Popo huyo wa Misri si mgeni kwetu. Ndiye anayeishi kwa maelfu katika mapango ya Mlima Elgon na ya Uganda, na tutarejea kwake hivi punde.

Adui anayependa baridi

Mpango huu wa kupunguza doria wakati wa baridi umewafaa popo kwa karne nyingi, kwani viini vingi vya maradhi navyo havistawi kwenye baridi. Lakini mwezi Februari 2006, katika pango la Howes jimboni New York, Marekani, popo walipigwa picha wakiwa na kitu cheupe kama unga puani. Majira ya baridi yaliyofuata, mizoga ilianza kuonekana mapangoni.

Kilichowaua ni kuvu ambaye hustawi kwenye baridi na ambaye hushindwa kukua joto linapokaribia nyuzi 20. Kwa popo aliye macho, mwenye mwili wa nyuzi 37, kuvu huyu hana nafasi. Kwa popo aliyelala, mwenye mwili baridi na walinzi waliojificha, ni sawa na mwizi aliyekuta boma wazi. Huota puani na kwenye ngozi ya mabawa, akaila ngozi hiyo.

Kufikia mwaka 2012, Idara ya Samaki na Wanyamapori ya Marekani ilikadiria kwamba kati ya popo milioni 5.7 na milioni 6.7 walikuwa wamekufa.

Jambo la kuzingatia ni jinsi walivyokufa. Popo walioambukizwa huamka mara nyingi kuliko kawaida. Kila wanapoamka huunguza mafuta, na akiba iliyopaswa kuwafikisha mwisho wa majira ya baridi huisha kabla ya wakati. Wengi hufa kwa njaa na kuishiwa maji mwilini, hali wadudu wa kuwalisha bado hawajatokea. Kwa hivyo, kuamka kupita kiasi ndiko kunakowamaliza.

Walionusurika hadi mwisho wa baridi nao walikutana na balaa la pili. Mwaka 2012 wataalamu wa Marekani walieleza kwamba popo hao wanapopata joto, chembechembe za kinga humiminika kwa wingi kwenye mabawa na kumshambulia kuvu kwa nguvu kubwa mno, kiasi cha kuharibu ngozi yenyewe. Kinga iliyokuwa imelala huamka kwa ghadhabu na kubomoa nyumba ikimtafuta mwizi.

Wataalamu hao waliilinganisha hali hiyo na jambo ambalo madaktari wa ukanda wa Ziwa Victoria wanalifahamu vyema. Kaunti za Homa Bay, Kisumu, Siaya na Migori zimekuwa kwa miaka mingi miongoni mwa zile zilizoathirika zaidi na virusi vya ukimwi nchini Kenya. Mgonjwa ambaye kinga yake imeshuka sana anapoanza kutumia dawa za kupunguza makali ya virusi, huweza kuonekana akizorota katika majuma ya mwanzo badala ya kupata nafuu. Sababu ni kwamba kinga yake inazinduka na kukuta viini vilivyokuwa vimejificha, kama vile vya kifua kikuu, na vita hivyo vipya huleta homa na uvimbe.

Hali hiyo si ishara kwamba dawa ni mbaya, na mgonjwa hapaswi kuziacha kwa hiari yake. Anachotakiwa kufanya ni kurudi haraka kwa mhudumu wa afya. Hata hivyo, inashangaza kwamba popo wa mapango ya New York na mgonjwa wa kliniki iliyo kandokando ya ziwa letu wanaweza kuteswa na jambo la aina moja, yaani kinga inayorudi kwa pupa.

Usenge hakuna majira ya baridi

Msomaji anaweza kuuliza, hayo yanatuhusu nini sisi ambao hatujui theluji? Ni kweli kwamba popo wa mwambao wa Ziwa Victoria hawalali kwa miezi. Wadudu na matunda hupatikana mwaka mzima. Lakini kanuni ya joto, nguvu na kinga haikomi kwenye mipaka ya nchi za baridi.

Popo wengi wa nchi za joto hutumia usingizi mfupi wa kubana nguvu, unaodumu kwa dakika au saa kadhaa, hasa chakula kinapokuwa haba. Katika kisiwa cha Madagascar, watafiti walieleza mwaka 2021 kwamba aina moja ya popo huingia katika hali hiyo hata wakati wa joto kali. Mwili wake huacha kutoa joto lake na kuliachia lile la nje limpande bila kumdhuru.

Katika mapaa ya mabati ya sehemu nyingi za Afrika huishi popo mdogo mwenye mkia unaochomoza, ajulikanaye kama popo mkia-huru wa Angola, ambaye pia yupo Kenya. Utafiti uliofanywa Afrika Kusini miaka ya 1990 ulionyesha kwamba popo huyu huchagua makao ambayo joto lake hupita nyuzi 40 wakati wa mchana, mahali ambapo wanyama wengine wadogo wangekufa. Yeye huacha mwili wake upate moto pamoja na bati, na hivyo huokoa nguvu ambazo angezitumia kujipasha au kujipoza.

Kwa hivyo popo anayening'inia darini mchana kutwa hajalala kwa uvivu. Yuko katika mahesabu ya nguvu, na kila anapotimuliwa kwa moshi au fimbo, mahesabu hayo huharibika.

Je, joto huua virusi?

Popo hubeba virusi vingi bila ya kuonekana wagonjwa, na kwa muda mrefu wanasayansi wamejiuliza ni kwa nini. Mwaka 2014, kundi la watafiti lilipendekeza kwamba kwa kuwa popo hupata joto kama la homa kila usiku anaporuka, huenda joto hilo linamsaidia kudhibiti virusi, kama homa inavyomsaidia binadamu.

Wazo hilo lilivutia wengi, lakini halikupita bila kupingwa. Utafiti mwingine uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba virusi vya jamii ya Ebola na Marburg viliendelea kuzaana ndani ya chembechembe za popo zilizowekwa kwenye joto kama la kuruka. Joto pekee, basi, si jiko linalochoma virusi.

Jibu linaloonekana kuwa na uzito zaidi ni kwamba popo amejifunza kuishi na virusi kwa kutozidisha vita. Tafiti zilizochapishwa mwaka 2018 na 2019, ambazo ziliwahusisha wanasayansi wa China na Singapore, zilionyesha kwamba baadhi ya ving'ora vya kinga ndani ya chembechembe za popo vimepunguzwa sauti. Mwili wa binadamu, ukivamiwa na Marburg, hujibu kwa vurugu kubwa ambayo yenyewe huchangia kumuua mgonjwa. Mwili wa popo hujibu kwa kiasi. Huwazuia virusi wasienee kupita mpaka fulani, bila kuibomoa nyumba.

Lakini utulivu huo hutegemea popo mwenye afya na mwenye nguvu za kutosha. Nchini Australia, utafiti wa miaka mingi uliochapishwa mwaka 2022 ulibainisha kwamba popo wa matunda wanapokosa chakula na kupoteza misitu yao, hutoa virusi vya Hendra kwa wingi zaidi, na hapo ndipo farasi na binadamu huambukizwa. Mwili uliokosa akiba hauwezi kulipia gharama ya kinga.

Marburg katika kanda yetu

Kenya ina historia yake na ugonjwa huu. Mnamo Januari 1980, raia wa Ufaransa aliyekuwa akifanya kazi katika kiwanda cha sukari magharibi mwa Kenya alifariki jijini Nairobi baada ya kuugua Marburg. Daktari aliyemhudumia aliambukizwa, akapona. Mwaka 1987, kijana wa miaka 15 kutoka Denmark naye alifariki. Wote wawili walikuwa wamezuru pango la Kitum katika Mlima Elgon kabla ya kuugua. Chanzo hakikubainika wakati huo, lakini baadaye uchunguzi wa popo wa matunda wa Misri aliyenaswa katika pango hilo mwaka 2007 ulipata virusi vya Marburg.

Milipuko ya karibuni imetokea kwa majirani. Mwezi Machi 2023, Tanzania ilitangaza Marburg katika wilaya ya Bukoba, mkoani Kagera, kwenye mwambao wa ziwa hili hili. Watu tisa waliugua na sita wakafariki. Mwezi Septemba 2024 ilikuwa zamu ya Rwanda, ambako watu 66 waliambukizwa, wengi wao wakiwa wahudumu wa afya, na 15 wakafa. Mwezi Januari 2025, Kagera ilikumbwa tena, safari hii wilayani Biharamulo, ambapo watu wote kumi waliohesabiwa kuwa wagonjwa walifariki.

Samaki, wafanyabiashara na wavuvi huvuka ziwa kila siku. Hivyo hofu ya wakazi wa Usenge haiwezi kupuuzwa. Lakini ni lazima itofautishwe: popo anayejulikana kuhifadhi virusi vya Marburg ni yule wa matunda anayeishi mapangoni na katika migodi, na wala si popo mdogo wa wadudu anayeishi chini ya bati. Katika popo mkia-huru wa Angola, virusi vingine vya jamii ya Ebola, viitwavyo Bombali, vimepatikana Taita Taveta na pia magharibi mwa Kenya. Virusi hivyo havijulikani kuwa vimemwambukiza binadamu yeyote. Hiyo ni sababu ya kuwa na tahadhari, na si sababu ya kufanya mauaji.

Funzo la mgodi wa Kitaka

Anayedhani kwamba kuwaua popo kutaondoa hatari, na azingatie yaliyotokea Uganda.

Mwaka 2007, wachimba migodi waliugua Marburg katika mgodi wa Kitaka, uliokuwa makao ya popo wengi wa matunda wa Misri. Watafiti walipowapima popo wa humo, takriban asilimia 5 walikuwa na maambukizi. Baadaye popo wa mgodi huo waliangamizwa kwa maelfu.

Mwaka 2012, Marburg ilizuka tena katika eneo hilo la kusini magharibi mwa Uganda, umbali wa kilomita 20 hivi kutoka mgodini. Watafiti waliporudi Kitaka, walikuta popo wachache wamehamia humo upya. Safari hii, takriban asilimia 13 walikuwa na maambukizi, zaidi ya mara mbili ya awali.

Inaaminika kwamba popo wakongwe, ambao wengi wao walikuwa wamekwisha kupata kinga, waliondolewa, na nafasi yao ikachukuliwa na wageni pamoja na vijana wasio na kinga. Uchunguzi uliofanywa katika pango jingine la Uganda ulikuwa umeonyesha kwamba popo wa umri wa miezi sita hivi, waliokwisha kumaliza kinga waliyorithi kwa mama zao, ndio huambukizwa zaidi. Hali hiyo hutokea mara mbili kwa mwaka, kufuatana na misimu ya kuzaliana, na visa vingi vya binadamu kuambukizwa kutoka kwa popo vimetokea karibu na vipindi hivyo. Kuua wakubwa, kwa hivyo, ni kuacha nyumba mikononi mwa watoto.

Hasara ya kumpoteza popo

Lipo pia suala la manufaa. Popo wa wadudu hula nondo, mende na mbu kwa wingi kila usiku, na popo wa matunda husambaza mbegu na kuchavusha maua.

Marekani imelipa gharama ya kuwapoteza. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 ulilinganisha kaunti ambako popo walikufa kwa ugonjwa wa kuvu na zile ambako hawakuguswa. Katika kaunti zilizoathirika, wakulima waliongeza matumizi ya dawa za kuua wadudu kwa takriban asilimia 31, na vifo vya watoto wachanga visivyotokana na ajali viliongezeka kwa karibu asilimia 8. Mtafiti alihusisha vifo hivyo na ongezeko la sumu hizo katika mazingira.

Katika mwambao ambako mbu hawajawahi kuwa haba na dawa za shambani huishia ziwani tunamovua samaki, hayo si mambo ya kupuuzwa.

La kufanya

Yapo mambo ambayo kila mkazi anaweza kuyafanya bila gharama kubwa. La kwanza ni kutomshika popo kwa mikono mitupu, awe hai au amekufa, na kuwaeleza watoto vivyo hivyo. Aliyeumwa au kukwaruzwa anapaswa kuosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 na kufika hospitalini siku hiyo hiyo, kwani popo huweza pia kuambukiza kichaa cha mbwa.

La pili, matunda yaliyotafunwa na popo yasiliwe, na mengine yaoshwe na kumenywa. La tatu, watu wasiingie mapangoni au katika migodi iliyoachwa ambamo popo wa matunda wanaishi.

Kwa wanaosumbuliwa na popo darini, njia bora ni kungoja watoto wa popo wawe wameanza kuruka. Kisha, usiku popo wote wanapokuwa nje, nyufa zizibwe kwa mbao, waya au saruji. Popo atakayerudi atatafuta makao mengine. Kinyesi kilichokauka kinyunyiziwe maji kabla ya kufagiliwa, na anayefagia ajifunike pua na mdomo na kuvaa glavu. Moshi na fimbo huwatawanya popo wenye hofu na uchovu hadi kwenye nyumba za jirani, na hapo tatizo huwa limeongezwa badala ya kupunguzwa.

Mwisho, mwenye homa kali ya ghafla, hasa aliyetoka safari ya maeneo yenye mlipuko, aende hospitalini mapema na aeleze alikotoka. Hadi sasa hakuna chanjo ya Marburg iliyoidhinishwa kwa matumizi ya kawaida, lakini mgonjwa anayehudumiwa mapema ana nafasi kubwa zaidi ya kupona.

Wahenga walisema kinga ni bora kuliko tiba. Kwa popo, kinga hiyo hupanda na kushuka pamoja na joto la mwili wake, na huhitaji utulivu ili ifanye kazi yake. Jioni ya leo, popo watakapochomoka tena kwenye mapaa ya Usenge na mashua zikielekea majini, huenda jambo la manufaa zaidi tunaloweza kufanya ni kuwaacha waende kazini, nasi twende yetu.